Sauti ile haikutoka Bronx

Muulize mpenzi wa elektro, ule muziki wa dansi wa ngoma za mashine, ulizaliwa wapi, atakujibu haraka: New York, 1982, kwa wimbo "Planet Rock". Si jibu la kubezwa. Afrika Bambaataa, DJ wa mtaa wa Bronx, na prodyuza Arthur Baker waliazima melodi ya Kraftwerk, bendi ya Ujerumani ya muziki wa elektroniki, wakaipigia ngoma za mashine ya Roland TR-808, na tangu hapo Miami na Los Angeles hazikulala. Detroit nao wananung'unika, kwa haki, maana kundi lao la Cybotron lilishatoa "Alleys of Your Mind" mwaka 1981.

Mimi nawaonea huruma watu wa Ohio. Zapp, bendi ya ndugu wa ukoo wa Troutman kutoka Hamilton, walitoa "More Bounce to the Ounce" mwaka 1980, miaka miwili kabla ya "Planet Rock". Wanaowaengua husema ile ni fanki tu iliyopakwa rangi ya roboti: mpiga besi Bootsy Collins alishiriki kuitengeneza, kwa hiyo nasaba yake ni Parliament, bendi ya fanki aliyoipigia, wala si Kraftwerk. Kwa upande wa ngoma, nakubali.

Tatizo ni ile sauti ya kuimba kama roboti. Hata wanaowasifu Zapp huiita vokoda, na hapo ndipo wanapowadhulumu bila kujua. Vokoda ni mtambo wa maabara za Bell, uliobuniwa kwa ajili ya simu na baadaye ukatumika kuficha mazungumzo ya siri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Umeme ndio unaoichambua sauti ya mtu. Roger Troutman, mwimbaji wa Zapp, alitia mrija wa plastiki mdomoni. Sauti ya kinanda ilipita kwenye mrija huo hadi kinywani, naye akaifinyanga iwe maneno kwa ulimi na midomo, koo likiwa kimya, huku maikrofoni ikiidaka. (Mate hayakosi kutiririka.) Yaani kinanda kiliimba kwa kinywa cha mtu, na kila herufi ilitegemea ulimi na ufundi wake. Kuuita huo ujanja wa mashine ni kumnyang'anya mtu jasho lake.

New York wenyewe waliirudia chemchemi hiyo: kundi la rap la EPMD lilijengea "You Gots to Chill" juu ya "More Bounce" mwaka 1988. Na sisi tuliokua na kaseti za 2Pac tuliiga kiitikio cha "California Love" ya 1995 kwa kubana pua, tukidhani ni kompyuta. Kumbe alikuwa Roger, na mrija wake mdomoni.