Acheni kupamba majedwali kwa mkono

Jedwali la takwimu likisomwa kwa sikio halina rangi wala herufi nzito. Mtu asiyeona husogea kwa vitufe vya mishale, seli moja baada ya nyingine, na programu ya kusoma skrini humtajia kilichomo na mahali alipo: "B7, 4,312". Basi. Kama kichwa "Wanawake" kimeunganishwa juu ya safu tatu, akifika safu ya tatu hana dalili kwamba bado anasikia habari za wanawake. Kama mwandaaji ameacha mstari mtupu kati ya Morogoro na Mtwara ili macho yapumzike, msikilizaji anaweza kudhani jedwali limeishia hapo, akaenda zake. Namba zilizorekebishwa zimepakwa nyekundu? Kwake ni namba kama nyingine. Na ile 1 ndogo ya tanbihi iliyopachikwa mwishoni mwa jina la wilaya huweza kusomwa kama sehemu ya jina, akabaki kujiuliza Ilala 1 iko wapi.

Haya yote yanarekebishika. Ninachobishia ni namna ya kuyarekebisha: si kwa kipanya bali kwa msimbo, yaani maelekezo unayoiandikia kompyuta iyatekeleze yenyewe.

Waingereza walifika hapa kwa kusukumwa na sheria. Kanuni zao za mwaka 2018 kuhusu ufikivu (kuwezesha kutumiwa na watu wenye ulemavu) wa tovuti na programu za simu za taasisi za umma zinagusa pia faili zinazopakiwa kwenye tovuti hizo, na lahajedwali za takwimu zimo. Mwongozo waliopewa wachambuzi wa serikali una masharti mengi kiasi cha kuudhi. Laha (ukurasa wa ekseli) ya kwanza iwe jalada, kisha yaliyomo, kisha tanbihi zote mahali pamoja, kisha majedwali yenyewe, ikiwezekana moja kwa kila laha. Seli zisiunganishwe. Tanbihi itajwe kwa maneno ndani ya mabano ya mraba, si kwa kijinamba kinachoelea. Hata kishale kiachwe seli A1 kabla ya kuhifadhi faili, ili anayeifungua aanzie mwanzo.

Sharti ninalolipenda kuliko yote ni la seli tupu. Seli tupu ina maana ngapi? Huenda hakupatikana mtu hata mmoja. Huenda takwimu hazikukusanywa, au swali halihusiki kabisa, kama idadi ya wavuvi wa baharini katika mkoa usio na bahari. Huenda pia idadi ni ndogo mno hivi kwamba ukiitoa, kijiji kizima kitajua ni nani anayesemwa. Anayeona hubahatisha kwa kutazama seli za jirani. Asiyeona huambiwa tu kwamba hapa pako tupu. Waingereza wamekubaliana alama: [x] kwa takwimu isiyopatikana, [z] kwa isiyohusika, [c] kwa iliyofichwa kulinda siri ya mtu, na ipo nyingine ya namba iliyokadiriwa ikawa sifuri ilhali si sifuri. Wachambuzi hulalamika kwamba herufi katikati ya namba zinaharibu safu. Ni kweli, ukisoma faili hilo kwa R, lugha ya msimbo ya kuchambulia takwimu, utalazimika kuongeza mstari mmoja wa maelekezo. Mstari mmoja! Kuna watu wameshafanya hitimisho zima juu ya sifuri ambayo haikuwa sifuri.

Sasa mwambie mtu ayatimize hayo yote kwa mkono. Fahirisi ya bei hutoka kila mwezi, na kila mwezi kuna majedwali yale yale yenye namba mpya. Mwezi wa kwanza mwandaaji anafuata orodha ya masharti kwa bidii. Mwezi wa nne taarifa imechelewa, mkubwa amesimama mlangoni, na jambo la kwanza kuachwa ni lile ambalo hakuna aliyepo ofisini atakayeona limeachwa. Simlaumu. Kazi ya kurudia rudia chini ya shinikizo haifai kutegemea kumbukumbu ya mtu.

Ndiyo maana huko Uingereza kulitokea vifurushi (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) kama a11ytables kwa watumiaji wa R, na gptables kwa Python, lugha nyingine ya msimbo, hiki cha pili kikitoka kwa watu wa Office for National Statistics, ofisi yao ya takwimu. Unakipa data, kichwa cha jedwali, chanzo na tanbihi, nacho kinajenga jalada, yaliyomo na laha nyingine kwa mpangilio unaotakiwa, mwezi baada ya mwezi. Kama hutaki vifurushi hivyo, openxlsx ya R ina amri ya writeDataTable na XlsxWriter ya Python ina add_table, ambazo haziishii kumwaga namba kwenye laha, bali huiambia ekseli kwamba eneo hili ni jedwali na mstari huu ndio wa vichwa. Anayeona haoni tofauti kubwa. Programu ya kusoma skrini ndiyo inayoitambua.

Ila msimbo hauna akili ya kuandika kichwa. Ukiupa "Jedwali 4", utatoa "Jedwali 4" safi kabisa, lenye kutimiza kila sharti na lisilomfaa mtu. Kwa hiyo lazima mtu alisikilize. NVDA, programu ya kusoma skrini, ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, akaungana naye James Teh, asiyeona pia, na sauti za eSpeak NG zinazokuja nayo zina Kiswahili pia. (Badilisha sauti kwanza. Ya Kiingereza ikisoma "Idadi ya watu kwa mkoa" utacheka, kisha utakasirika.) Zima skrini, fungua faili lako, jaribu kutafuta namba moja tu.

Huku kwetu nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza: wasioona wanaotafuta majedwali ni wachache. Sensa ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote ziliuliza kuhusu ulemavu, na nchi zote mbili zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Ibara yake ya 31 inazitaka serikali zihakikishe takwimu hizo zinafikiwa na wenye ulemavu wenyewe. Kumhesabu mtu kisha kumfungia hesabu yake ndani ya seli zilizounganishwa ni jambo la aibu, hata kama angekuwa mmoja. Halafu mwanafunzi anayeliingiza jedwali hilo hilo kwenye Stata, programu ya kuchambulia takwimu, anakwama palepale anapokwama asiyeona: vichwa vya ghorofa mbili, mistari mitupu, majedwali matatu kwenye laha moja.

Ya pili ina uzito zaidi: wanaoijua data vizuri mara nyingi ni watu wa ekseli, hawaandiki msimbo, na kijana anayeandika msimbo akihama ofisi kila kitu kinasimama. Hapo sina jibu la kumaliza ubishi, nina mgawanyo wa kazi tu. Vichwa, tanbihi na sababu za kila seli tupu vikae kwenye faili la kawaida ambalo mzee wa takwimu atalifungua na kulihariri bila kugusa mstari wa msimbo. Skripti ilisome faili hilo na kujenga lililobaki. Iwe fupi, iwe na maelezo kwa Kiswahili, na ijulikane na watu wawili wa ofisi hiyo, si mmoja. Na kama mkubwa bado anataka nembo na vichwa vya rangi, achapiwe PDF yake pembeni.