Jenereta Halikujiua

Nimeamka leo na meseji kumi na saba za pole. Mtu mmoja wa Uvinza ninayemdai kaniandikia "Mungu akupe subira ndugu yangu", deni hajaligusa. Chanzo ni rafiki yangu, simtaji jina, anauza kava za simu pale Mwanga, hapa Kigoma, na mdomo wake haujawahi kuvaa kava. Juzi katuma sauti ya dakika nne kwenye kundi la WhatsApp, anasema jenereta langu limejiua. Limejitupa Ziwa Tanganyika mbele ya wakwe zangu, limechoka mateso. Na kwamba mimi wakati huo nilikuwa uchi.

Uchi sikuwa. Hilo tuliweke sawa kabla hatujaanza.

Tela mnaijua. Picha niliwawekea tangu fundi anachomelea bodi, na wengine humu mkaniita Nuhu. Ina kitanda cha futi nne, friji dogo, feni, runinga. Mimi vitenge vyangu vinauzwa magulioni, Kasulu leo, Kibondo kesho kutwa, na nimeshalisha kunguni wa gesti za mkoa huu vya kutosha. Nikasema nitembee na chumba changu. Kilichobaki kilikuwa umeme.

Dukani tulikwenda watatu, mimi, mama watoto na huyo mtangazaji. Muuzaji akatusimamisha mbele ya majenereta matatu. La kwanza dogo, wati 650, unalibeba mkono mmoja kama kapu la sokoni, lakini petroli yake lazima uichanganye na oili, ukisahau umeua injini. La pili la fremu ya mabomba, ubavuni limeandikwa 3,000 kwa tarakimu za kusomeka kutoka Burundi. La tatu la inveta, limefunikwa kama sanduku, umeme wake umetulia, na mlio wake kama mtu anayesali kimoyomoyo. Nilipotajiwa bei ya hilo la tatu nilirudi kulisalimia la kwanza.

Mtangazaji akatoa simu, akapiga hesabu. Friji 120, runinga 40, feni 55, taa 20. Jumla wati 235. "Kaka, 650 zitakushinda, utabaki unawauzia majirani!"

Muuzaji akacheka kwa pua. Akasema friji usilipime likiwa limeshakolea, lipime linapoamka. Kompresa inapoanza inavuta mara tatu, mara nne, wakati mwingine zaidi ya kilichoandikwa. Ni kwa muda mfupi tu, lakini hapohapo ndipo kijenereta kinapozimia. Bado nilikuwa nakionea huruma kile kidogo, mama watoto akauliza swali moja tu.

"Na birika?"

Birika la umeme, wati 1,800. Yaani tela nzima na vilivyomo haifiki robo ya chai ya mama watoto.

Tukachukua la pili. Muuzaji, Mungu ambariki, akatueleza kwamba ile 3,000 ni nguvu ya kushtukiza tu, ya kutwa nzima imeandikwa chini yake kwa maandishi ya masharti ya mkopo, 2,800. Akapunguza na bei, maana lilikaa sana dukani na miguu yake miwili ya mpira ilikuwa imepotea. "Kata ndala kuukuu uziweke chini, haya yanatetemeka sana."

Nikamwambia sawa. Ndala ninazo. Mpaka leo ziko nzima, nimezivaa hapa ninapoandika.

Ijumaa wakwe wakaja kutoka Kasulu kuiona nyumba yenye magurudumu. Nikaikokota tela mpaka ufukweni, upande wa Kibirizi, mahali penye sakafu ya saruji ya zamani ya kuvutia mitumbwi, inayoteremka taratibu mpaka majini. Sasa nyie mnaosema sikutumia akili, hapa ndipo mnisikilize. Nilitumia akili mpaka ikaisha. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, watu wanalala na hawaamki. Kwa hiyo halikai ndani, halikai chini ya dirisha, halikai kibarazani. Na usiku hapa kwetu upepo unatoka milimani kushuka ziwani. Nikahesabu hatua kumi na tano, nikaliweka chini kule kwenye saruji, upande wa maji, moshi uende zake Kongo. Waya wa mita 25, nikaulaza mchangani na mikunjo ya akiba.

Mikunjo hiyo ikumbukeni.

Nilikuwa nimevaa msuli. Mtu yuko kwake, magurudumu yake, asivae msuli kwa nini? Tena sikuukaza sana, tulikuwa tunakula.

Saa mbili kasoro hivi. Meza ya plastiki, ugali wa muhogo, migebuka ya kuchoma. Mama mkwe kwenye kiti chenye mto. Baba mkwe karibu na mlango, runinga nimemgeuzia asubiri taarifa ya habari. Jenereta linakata mizunguko 3,000 kwa dakika, ndiyo inayotoa umeme wa hezi 50 kama ule wa TANESCO, na kelele zake TANESCO hawana. Kila mtu anapiga kelele kama tuko ng'ambo na ng'ambo. Mimi nahutubia. Naeleza, najinukuu mwenyewe, kwamba mwanaume ni kujipanga.

"Mkwe," baba mkwe akasema.

Sikusikia.

"MKWE!"

"Naam baba!"

"Ile mashine yako inakwenda wapi?"

Nikageuka. Nikaiona kwenye mwanga hafifu wa taa ya mlangoni, palepale nilipoiweka. Au nilidhani ni palepale.

"Haiendi popote baba! Ni mtetemo tu!"

Akachambua mgebuka wake. Akatazama tena. Baba mkwe kafanya kazi reli mpaka kustaafu, kitu kinachokwenda anakijua.

"Naona inakwenda."

Friji likaamka. Taa ikasinzia kidogo, injini ikaguna, na kwa macho yangu nikaliona jenereta limeruka shibiri moja. Halafu likatulia, linatetemeka kwa adabu, kama halikufanya kitu. Nikajiambia ni kivuli. Wadau, ukiwa katikati ya hotuba kwa wakwe, kila kitu ni kivuli.

Ndipo kutoka ndani ya tela nikasikia sauti ya mama watoto: "Mama, nakuwekea chai!"

Swichi ya birika sikuisikia. Niliiona kwenye uso wa mtangazaji wa runinga, ulififia. Wati 1,800 zikatua kwa mkupuo, gavana, kile kidude kinachoiongezea injini mafuta ikilemewa, ikafungua koo, na jenereta likaondoka. Miguu miwili yenye mpira inang'ang'ania saruji, miwili mitupu inachezea juu, linakwenda kwa mruko wa mbuzi aliyefungwa kamba. Nyuma yake mikunjo yangu ya akiba inanyooka mmojammoja. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Waya ukainuka mchangani, na mkunjo wa mwisho ulikuwa umezunguka mguu wa meza.

Mama mkwe alikuwa na tonge mkononi, anakwenda kuchovya. Meza ikaondoka. Akaifuata kwa mkono, akanyoosha, akanyoosha tena, bakuli la mchuzi likamponyoka kwa nusu shibiri na kuendelea na safari. Hakusema kitu. Akala tonge kavu.

Nikakimbia. Mkono wa kushoto umeshika msuli, wa kulia uko huru kwa ukombozi. Jenereta lina swichi nyekundu mbele, ukiibonyeza linazima. Lina na koki ya mafuta. Vyote viwili nilimfundisha baba mkwe mchana, kwa kidole, kwa majivuno. Mimi nilikamata ekzosi. Kiganja kizima, kama nampa mkono wa idi.

Ile sauti niliyoitoa rafiki yangu anaiigiza vizuri kwenye rekodi yake, hapo nampa haki yake. Mkono ukaungua, ule mwingine ukaja kuusaidia, na msuli haukuwa na mtu wa kuushika. Ukabaki kwenye saruji. Mimi nikaendelea. Kule chini saruji ina ukoko wa kijani, nikakaa kitako bila kukaribishwa, na tukaserereka sambamba, mimi na jenereta, kama wanandoa waliovumiliana mpaka uzeeni. Tukaingia majini pamoja. Likavuta maji, likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Giza likaingia. Nililishukuru lile giza kwa moyo wangu wote.

Halafu mtu akawasha tochi ya simu. Mnamjua.

Kwa hiyo ndiyo, alichoona alikiona. Bukta. Ya zamani, ina tundu mahali ambapo bukta haipaswi kuwa na tundu, lakini ni bukta na mama watoto anaweza kuthibitisha. Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, zaidi ya mita 1,400, na sisi tulikuwa kwenye maji ya magoti. Jenereta limesimama wima, mpini nje, kama mzee anayeoga. Hata kuzama kwa heshima hatukupata.

Mama mkwe alikuwa amegeuka kabisa, anatazama milima ya upande wa nchi kavu ambayo usiku haionekani. "Mwanangu, umeumia?" akaiuliza milima.

"Sijaumia mama. Shikamoo mama." Sijui kwa nini nilimwamkia tena.

Basi. Vijana wa mitumbwi wakalitoa, malipo yao migebuka iliyobaki. Chai ikachemshwa kwenye mkaa. Wakwe wakalala gesti, ile ile yenye kunguni. Fundi kafungua, oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa, kaimwaga na kuibadilisha mara tatu, kasafisha kabureta, kaweka plagi mpya. Linawaka, ila linakohoa. Mkono unapona. Msuli mama watoto kaufua na kuufungia sandukuni, funguo sijui iko wapi.

Kuhusu mateso, lilikuwa na siku mbili tu nyumbani kwangu, lingeteseka lini?

Asubuhi hii baba mkwe kapiga simu kutoka Kasulu. Kaniamsha, kaulizia watoto, kaulizia mkono, akanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta neno la staha.

"Na ile mashine, mkwe," akasema. "Saa hizi imefika wapi?"