Mahari ya Kompyuta

Jamani, mimi mahari nililipa. Ng'ombe niliwapeleka ukweni, wakahesabiwa, mmoja akakataliwa eti anachechemea, nikarudi nikatafuta mwingine. Nikajua basi, nimeshamalizana na watu wa kudai kitu kipya kila ukifika mlangoni. Kumbe nilikuwa sijaunda kompyuta.

Wazo ni la mpwa wangu. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, na daftari langu la magunia lilishalowa mara mbili. Nikamwambia nataka kompyuta ya hesabu. Akasema, "Mjomba, usinunue iliyokamilika, tununue vipande tuunge wenyewe, ni nafuu." Tukanunua kimoja kimoja kwa miezi minne: kasha, mazabodi ambayo ni ubao wa kuungia vyote, prosesa ambayo ndiyo ubongo, ram, pawasaplai, diski ya SSD. Halafu akaleta habari ya kadi ya grafiki. Nikauliza, dagaa wanataka grafiki ya nini? Akasema bila hiyo picha haitokei. Nikalipa. Baadaye ndiyo nimekuja kujua kwamba alichagua prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, ambayo haina grafiki yake ya ndani, ili kadi iwe lazima, na yeye apate pa kuchezea mpira wake wa kwenye kompyuta.

Sisi tunakaa Mabatini, juu kabisa, kwenye mawe. Bodaboda inaishia chini. Kasha lilipanda kichwani kwa kijana wa kubeba maji, mimi nyuma yake nasema "taratibu, taratibu" kama nasindikiza jeneza. Mpwa akaunga kila kitu usiku mmoja, akafunga skrubu ya mwisho, akasema, "Imebaki kupiga Windows tu, ile programu ya kuiendesha, hata wewe mjomba unaweza." Hilo neno "tu" lina kesi ya kujibu. Asubuhi akaondoka kwenda Geita kwenye kibarua. Zamani ningemwahi kwenye foleni ya kivuko nikamrudisha kwa shati. Sasa kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu, tangu lifunguliwe Juni 2025 mtu anakutoroka kwa dakika chache. Maendeleo nayo yana hasara zake.

Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka bluu na zambarau kama ukumbi wa harusi, skrini ikabaki nyeusi. Nikapiga simu.

"Mjomba, waya wa skrini umechomeka wapi?"

"Kwenye tundu lake."

"La juu au la chini?"

La juu. Kumbe la juu ni la mazabodi, na prosesa yetu haina picha ya kupitisha hapo. Ile kadi ndiyo yenye tundu la chini. Matundu mapacha, umbo moja, upana mmoja, lakini moja limefungwa milele. Huo ulikuwa usiku wa kwanza.

Usiku wa pili ulikuwa wa flashi. Mtu wa kibanda alinipa faili la Windows 11, nami nikalikopi kwenye flashi ya mama watoto kama ninavyokopi nyimbo. Kompyuta ikasema haioni kitu cha kuwakia. Mpwa akacheka mpaka mtandao ukakatika. Kumbe flashi haikopiwi, inatengenezwa, kwa programu kama Rufus, na iwe na GB 8 au zaidi. Nikaazima laptopu ya jirani. Rufus wakaniuliza kwa herufi kubwa kama nakubali kila kilichomo kifutike. Mtu anayeulizwa maswali usiku wa manane hujibu "sawa". Nikajibu sawa. Ndani mlikuwa na nyimbo kumi na mbili za kwaya, ambazo mama watoto anajifunzia sauti ya pili. Tangu siku hiyo chai yangu inakuja bila neno.

Mpwa akasema sasa niingie BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, nibonyeze Del wakati inawaka. Nikabonyeza mara moja, kwa adabu. "Mjomba, gonga mfululizo, kama unabisha hodi kwa mtu anayedaiwa!" Nikagonga hivyo, ikafunguka, nikaiambia ianzie kwenye flashi. Furaha yangu ilidumu dakika mbili. Ikaandika kwamba kompyuta hii haitimizi masharti ya Windows 11. Haitimizi! Ina siku tatu duniani! Nilimkumbuka yule ng'ombe aliyechechemea. Inataka TPM 2.0, kitu cha kutunzia funguo za siri, nacho kimo humo humo ndani ya mashine, ila kimezimwa, na upande wa Intel kinaitwa PTT. Yaani mgeni unayemtafuta amelala chumba cha pili, tena kwa jina jingine. Nikasema basi nipige Windows 10. Mpwa akasema hiyo msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Nikawasha hiyo PTT.

Ikaanza kujaza asilimia. Ikafika mia, ikajizima, ikajiwasha, ikaniuliza tena nachagua lugha gani. Nikachagua. Ikajaza, ikajizima, ikauliza lugha. Mara tatu! Nilikuwa sijachomoa flashi, na niliiambia mwenyewe ianzie pale kila mara. Sitaki kulizungumzia sana hilo.

Usiku wa nne tumefika sebuleni. Inasema tuunganishe intaneti kwanza, bila hiyo haiendelei. Haioni waifai. Kwa nini? Haina draiva, kile kiprogramu cha kuitambulisha waifai. Draiva iko wapi? Intaneti. Kwa hiyo nipate intaneti ili nipate kitu cha kunipatia intaneti. Mpwa, Mungu ampe maisha marefu na ampunguzie michezo, akaniambia nichomeke simu kwa waya wa USB niigawie bando. Ikakubali. Hela ya LUKU, ile ya umeme, nikaigeuza bando, nikasema nitamaliza haraka.

Mimi sikujua kwamba, ikishanusa intaneti tu, inaanza kula. Inashusha masasisho yake, moja baada ya jingine, hainiulizi kitu. Sasa hivi ni saa saba usiku. Skrini ni ya bluu, imeandikwa nisizime kompyuta, asilimia 27. Mita ya umeme ukutani inapepesa nyekundu, uniti 0.9. Feni zinazunguka, zile taa za harusi zinawaka, na sijui kuzizima.

"Mama watoto," nimeita, "una elfu mbili ya umeme?"

Kimya. Halafu nikamsikia kule chumbani, polepole, anaanza kuimba sauti ya pili ya ule wimbo wa tatu kwenye flashi.