Chai ya redioni niliyoimimina mimi

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu mtangazaji alinipigia saa mbili usiku akaniomba niwe mume wa mtu. Kesho yake asubuhi ningepigiwa simu hewani, niambiwe mke wangu yuko studio analia na ana ushahidi wote wa mchepuko wangu wa Mbagala. Kazi yangu: nikane, nibabaike, kisha nikate simu kwa hasira. Malipo, vocha ya elfu kumi. "Mke" alikuwa dada wa mapokezi wa palepale redioni. Nilikubali kuimimina chai hiyo, yaani uongo wa kutunga, na sitajikosha: nilifurahia.

Kilichonitoa raha ni marudio ya Jumamosi. Yalinikuta ndani ya daladala ya Gongo la Mboto, konda akaongeza sauti. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya dagaa alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa utulivu kabisa, "Jamani, binti wa watu huyu. Si aje akae kwangu hata mwezi?" Hakuwa anatania, maana alianza kuulizia namba ya kituo.

Ndiyo maana nikisikia watangazaji wakijitetea kwamba "ni burudani tu", siwaelewi. Hakuna mtu anayegawa chumba chake kwa ajili ya burudani.

Sisemi redio isitunge. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mle ndani kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Nyumbani kwetu alichukiwa kana kwamba anatudai, na kila mtu alijua hayupo. Watafiti waliacha Dodoma bila mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo ili walinganishe, wakakuta kule uliposikika watu waliitikia zaidi uzazi wa mpango. Uongo uliotangazwa kuwa ni mchezo ulibadilisha maisha ya watu, na hakuna aliyefanywa mjinga.

Sasa kwa nini kipindi cha mafumanizi kisiseme tu kwamba ni mchezo? Nilimuuliza rafiki yangu. Akacheka: "Nani atapiga simu kumshauri mwigizaji?"

Wamarekani wana vipindi vya aina hii chungu nzima, na kwao chai ina sababu nyingine inayochekesha. Kanuni za FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, zinataka kituo kimjulishe mtu kabla ya kurusha simu yake hewani au kuirekodi kwa ajili ya kurushwa. Ukishamjulisha mume kwamba yuko redioni, fumanizi limekufa. Kwa hiyo anatafutwa mwigizaji. Mwaka 2011 iligundulika kwamba kampuni ya Premiere Radio Networks ilikuwa na huduma kamili ya kuwapatia watangazaji sauti za kupiga na kupokea simu hewani. Tangu 1992 FCC wana pia kanuni ya kukataza uzushi, lakini inahusu uhalifu na maafa, tena uzushi wenyewe uwe umeleta madhara makubwa kwa umma. Ndoa ya kubuni haimo.

Hapa ndipo ninapokwama kidogo, na nakiri. Ukiniambia nichague kati ya fumanizi la kweli na la kubuni, nachagua la kubuni. La kweli linamvua mtu nguo mbele ya mji mzima, watoto wake wako shuleni na wenzao wamesikia. Desemba 2012 watangazaji wawili wa 2Day FM ya Sydney walipiga simu hospitali moja ya London wakijifanya ni Malkia Elizabeth na Charles. Muuguzi aliyeipokea akaipeleka wodini kwa nia njema kabisa. Siku chache baadaye alikutwa amefariki, amejiua. Mzaha ule ulirekodiwa, kisha ukarushwa bila ridhaa ya waliopigiwa. Simu ile haikuwa na mwigizaji upande wa pili.

Basi tungeni. Ila semeni, mwanzoni na mwishoni, kwa sauti ileile mnayosomea matangazo ya biashara. Na mkishatunga, mtunge vizuri: mbona kila chai ina mwanamke mchuna mabuzi, au mume mshenzi kama mimi? Mkwaju alikuwa na tabia mbaya, lakini alikuwa mtu.

Kule kwenye daladala, konda aliikumbuka namba ya kituo, akamtajia mama. Alipiga. Nilisikia simu ikiita, spika ikiendelea kunguruma sauti yangu. Nikashuka Tazara, kituo kisicho changu.