Picha Ikae Ndani ya Herufi: Tunachoweza Kujifunza kwa Herb Lubalin

Mabango mengi ya mjini yamejengwa kwa mtindo mmoja: maneno juu, picha chini, na katikati utepe wa rangi unaojaribu kuviunganisha. Ukiondoa picha, maneno yanasomeka vilevile. Ukiondoa maneno, picha inaweza kuhamia bango la duka jingine na asitokee wa kugundua. Herb Lubalin, dizaina wa New York aliyezaliwa 1918 na kufariki 1981, alifanya kazi kinyume kabisa cha hapo. Kwa maoni yangu, mtu anayetengeneza logo, jalada au bango kwa Kiswahili hana mwalimu bora kuliko huyu.

Kazi yake inayojulikana kuliko zote ni kichwa, yaani jina lilivyochorwa kwa ajili ya jalada, cha gazeti la Mother & Child, alichokitengeneza mwaka 1965. Gazeti lenyewe halikutoka. Kilichobaki ni herufi tu, na zimetosha kufundishia vizazi vya madizaina. Ndani ya O ya neno la kwanza imeketi alama ya &, imejikunja kama mtoto tumboni, na neno la mwisho, kwa herufi ndogo sana, limehifadhiwa ndani ya mkunjo wa alama hiyo. Hakuna mchoro wa mwanamke, hakuna uso, hakuna ua. Kuna wino mweusi na maneno yaleyale ambayo gazeti lilipaswa kuwa nayo. Hata hivyo mimba unaiona kabla hujamaliza kusoma.

Kinachofanya kazi hapo ni mambo matatu, na yanafaa kutajwa kwa jina kwa sababu wanaomuiga husahau mawili kati yake. O ile ina uwazi wa ndani mkubwa wa kutosha kubeba kitu kingine bila kusongwa. Alama ya & nayo ina mviringo wake, kwa hiyo inapoingia ndani ya O inakuta mviringo mwenzake, na nafasi nyeupe kati yao inabaki karibu sawa pande zote. Na la tatu, herufi nyingine za neno hazikuguswa. M ni M, T ni T. Jicho lina mahali pa kusimama, ndipo likaweza kushangaa mahali pamoja tu.

Lubalin alirudia kanuni hiyo kwa sura nyingine. Katika kichwa cha Marriage, gazeti la ndoa, kulikuwa na R mbili zilizofuatana. Akaigeuza moja kama inavyoonekana kwenye kioo, zikasimama kama jozi. Katika Families, kazi aliyoifanya mwishoni mwa maisha yake kwa ajili ya Reader's Digest, herufi i, l na i za katikati zinasimama kama watu wa nyumba moja, nukta zikiwa vichwa. Ukitazama utaona kwamba hakuileta picha kutoka nje. Aliikuta ndani ya neno.

Hapo ndipo dizaina wa Kiswahili anapopaswa kuwa makini, kwa sababu neno letu lina viungo vyake. Ukichukua wazo la Mother & Child na kulihamishia kwenye MAMA NA MTOTO, linavunjika papo hapo: MAMA haina O hata moja, na MTOTO anazo mbili. Ukiweka kitu ndani ya O hapo, umempa mtoto mimba. Lakini andika mimba kwa herufi ndogo, utazame b. Mgongo umenyooka, tumbo limetokeza mbele, tena karibu na mwisho wa neno. Hapo kuna kazi nzima ya kufanywa kwa kuongeza labda nukta moja tu ndani ya tumbo la b.

Herufi mbili zinazofuatana, kama zile R, ni chache kwetu upande wa konsonanti. Kwenye irabu tuna utajiri: kioo, jogoo, ndoo, saa, mzee, njaa. Oo ya kioo inaweza kuwa duara na kivuli chake. Na wazo la Families lina bahati ya pekee, kwa kuwa familia ina i, l, i zilezile katikati, na wawili inazo pia.

Kabla ya kugusa kompyuta, andika neno lako kwa penseli kwa sura nne: herufi kubwa zote, herufi ndogo zote, herufi ndogo za kulala, na mwandiko wa kuunganisha. Zungushia kila herufi yenye uwazi wa ndani (a, b, d, e, g, o, p), kila yenye mkia chini (g, j, p, y), kila yenye shingo juu (b, d, f, h, k, l, t), na kila jozi inayojirudia. Kisha chora vijichoro 20 au 30, kila kimoja kisizidi upana wa sentimita 3. Udogo huo ni wa makusudi, maana haukupi nafasi ya kupamba. Wazo lisiloonekana kwa sentimita 3 za penseli halitaokolewa na rangi.

Chagua kijichoro kimoja, na katika hicho badilisha herufi moja tu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo kosa ninaloliona zaidi. Jina la mgahawa linakuwa na uma badala ya herufi moja, sahani badala ya nyingine, na pilipili juu ya i. Kila picha peke yake ingetosha. Zikikaa pamoja zinapigania jicho, na msomaji anabaki kuhesabu vitu badala ya kusoma jina.

Herufi ipi ibadilishwe? Kwa Kiswahili, jiepushe na ya kwanza. Mwanzo wa neno letu ndipo panapokaa kiambishi, na kiambishi ndicho kinachomwambia msomaji ni kimoja au vingi, ni mtu au kitu. K ya KITABU ikigeuzwa mchoro usioeleweka mara moja, msomaji anaweza kusoma VITABU. Ya katikati na ya mwisho huvumilia zaidi, kwa sababu akili imeshalikisia neno.

Halafu pima unene. Ikiwa mguu wa herufi una milimita 12 kwenye mchoro wako wa kazi, mistari ya picha nayo iwe milimita 12, au iwe sawa na mstari mwembamba wa fonti hiyohiyo. Picha yenye mistari ya milimita 2 katikati ya herufi nene huonekana kama shimo, na neno hukatika vipande viwili. Herufi za mviringo zina siri nyingine ambayo waandishi wa zamani wa mabango waliijua kwa mkono: O hupita mstari wa chini na wa juu kwa kiasi kidogo, asilimia 1 hadi 3 ya urefu wake, la sivyo inaonekana ndogo kuliko majirani. Ukiweka saa au gurudumu mahali pa O na kulikata sawasawa na mistari, litaonekana limesinyaa. Likuze kidogo.

Jambo linalofuata ni nafasi kati ya herufi, na hapa Lubalin ana deni na teknolojia ya wakati wake. Herufi ya risasi ilikaa juu ya kipande chake cha chuma. Kuzisogeza mbili karibu kuliko vipande vyao kulihitaji kukata chuma. Upangaji wa herufi kwa njia ya picha ulipoenea miaka ya 1960, herufi ikawa taswira kwenye filamu, ikaweza kusogezwa, kugusana, hata kupandiana. Lubalin aliukumbatia uhuru huo. Kichwa cha gazeti la Avant Garde la mwaka 1968 ni A na V zilizolazwa ubavu kwa ubavu, zikikamata kila upenyo. Mwaka 1970 herufi hizo zikawa fonti kamili, ITC Avant Garde Gothic, pamoja na herufi nyingi za kuunganishwa, na wengi wakazitumia vibaya. Sababu ni rahisi: miteremko ile ilizaliwa na A na V za jina lile. Ukiipachika kwenye neno lenye H na I, herufi moja inaegemea hewa.

Sisi tunazo hizo jozi tele. Andika WATAWALA kwa herufi kubwa na utazame: W na A, A na T, T na A, A na W, L na A. Karibu kila jozi inaacha pengo, kwa sababu herufi moja inalala huku na nyingine inarudi kule. Fonti iliyotengenezwa vizuri huja na marekebisho ya jozi hizo. Nyingi za bure hazinayo, au zimefikiria maneno ya lugha nyingine. Kwa kichwa cha habari kikubwa, rekebisha kwa mkono. Jozi kama WA na AT huhitaji kupunguzwa kati ya 60 na 120 katika kipimo cha programu yako, ambacho hugawa ukubwa wa herufi katika sehemu elfu moja. Herufi zilizonyooka kama N na I huenda zikahitaji kuongezwa 10 au 20. Ligeuze neno juu chini unapofanya hivyo. Likisimama kichwa chini hulisomi tena, unaona weusi na weupe tu, na pengo linajitokeza.

Sipendekezi kuiga ubanaji wa Lubalin wote. Ulifaa vichwa vya maneno machache. Ulipoingia kwenye aya ndefu za matangazo ya miaka ya 1970, ulichosha macho, na maneno ya Kiswahili ni marefu kuliko ya Kiingereza. Alichokipata katika herufi tano sisi tunakihitaji katika kumi na mbili.

Fanya kazi yote hii kwa rangi nyeusi. Lubalin mwenyewe alikuwa na upofu wa rangi, na kazi zake bora hazipotezi chochote zikitolewa fotokopi. Rangi ije ukiwa umemaliza. Jaribio langu la mwisho ni hili: mpe karatasi mtu asiyejua kazi inahusu nini, usimweleze, umwombe asome kwa sauti. Akisoma neno kwanza kisha akatabasamu, wazo limekaa. Akianza kwa kukisia picha ni ya nini, picha imeshinda neno, irudishe nyuma. Akisoma tu bila kuona lolote, bado una maandishi ya kawaida.

Kisha liulize wazo litachapwa wapi. Mother & Child ina neno dogo ndani ya alama iliyo ndani ya herufi; kwenye jalada la gazeti inapumua, kwenye kadi ya biashara ingeziba. Kwenye karatasi, mstari usishuke chini ya pointi 0.25 (pointi moja ni karibu milimita 0.35), na ukiwa mweupe ndani ya weusi usishuke chini ya 0.5, kwa kuwa wino hutambaa na kuula. Kwenye fulana iliyochapwa kwa skrini, anzia pointi 1. Kofia ya kudarizi ni kali zaidi: herufi zenye urefu chini ya milimita 5 hugeuka fundo la uzi. Ndiyo maana logo ya namna hii inahitaji matoleo mawili tangu mwanzo, kamili kwa ukubwa unaozidi sentimita 4 hivi, na jepesi kwa udogo, ambapo kilicho ndani ya herufi kimeachwa kabisa au kimebaki nukta. Mkabidhi mteja yote mawili yakiwa vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika, maandishi yamegeuzwa kuwa maumbo, ili fonti isibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji.

Kuna jina ambalo husahaulika katika sifa za Lubalin, nalo ni Tom Carnase. Lubalin alichora wazo haraka kwenye karatasi nyepesi; Carnase ndiye aliyelitia herufi zake, pamoja na zile za Mother & Child na Avant Garde. Wazo na mkono vilikuwa vya watu wawili, na sioni aibu yoyote hapo. Dizaina asiyeweza kuchora herufi safi asikimbilie fonti ya kwanza aliyoipakua. Bado wapo mafundi wanaoandika kwa brashi kwenye kuta za maduka, malori na vyombo vya baharini, ambao wanajua O ipite mstari kwa kiasi gani bila kupima. Mpelekee kijichoro chako. Mwombe aandike neno kwa rangi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, herufi zenye urefu wa sentimita 20 au zaidi, mara tatu au nne. Zipige picha ukiwa umesimama sawa mbele yake, mwanga ukitoka pande zote mbili, kisha zifuatishe kwenye programu ya kuchorea kama Illustrator au Inkscape kwa nukta chache iwezekanavyo: kwa O, nne nje na nne ndani zinatosha. Mlipe kama mshirika, na jina lake liandikwe kwenye kazi pamoja na lako.