Kabla ya Kununua Sanduku la Vitabu

Mwezi Julai mwaka jana, miezi mitatu kabla binti yetu hajatimiza miaka sita, niliagiza mtaala wa mwaka mzima wa kumsomeshea nyumbani. Ulifika hapa kwetu Houston ndani ya sanduku zito kiasi kwamba mume wangu alilisukuma sakafuni badala ya kulibeba. Mlikuwa na madaftari ya mazoezi kumi na moja, kitabu kinene cha mwalimu, kadi za herufi, na ratiba iliyoigawa kila siku katika vipindi saba vya nusu saa. Niliiamini ratiba ile kwa sababu ilifanana na shule. Baada ya majuma mawili mtoto alikuwa akijifungia bafuni kila aliponiona nashika penseli, nami nilikuwa nimeanza kumsemesha kwa sauti ambayo sikupenda kuisikia ikitoka kinywani mwangu.

Siwalaumu waliotengeneza vitabu hivyo, maana baadhi tunavitumia hadi leo. Ninachotaka kusema kinawahusu wazazi wenzangu wa huku ughaibuni ambao, wakisikia kwamba tunasomesha nyumbani, huuliza kwanza, "Mmenunua mtaala gani?" Kwa maoni yangu swali hilo linaruka jambo la kwanza kabisa ambalo mzazi anayezungumza Kiswahili anapaswa kuliamua, nalo ni lugha ambayo mtoto atajifunzia kusoma. Sisi tuliamua kwamba itakuwa Kiswahili, na uamuzi huo ulitupangia nusu ya mtaala bila kununua kitu.

Nianze hata hivyo na sheria, kwa kuwa naona ni hofu ya sheria inayowafanya wengi wetu wakimbilie masanduku. Marekani haina sheria moja ya nchi nzima kuhusu jambo hili. Kila jimbo lina utaratibu wake, ingawa kufikia mwaka 1993 kusomesha nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Mzazi wa New York huwasilisha mpango wa masomo kwa wilaya yake, kisha taarifa kila robo ya mwaka. Hapa Texas mambo ni mepesi zaidi. Mwaka 1994, katika kesi ya Leeper, Mahakama ya Juu ya jimbo ilikubali kwamba shule ya nyumbani ni aina ya shule binafsi, mradi iendeshwe kwa nia ya kweli, iwe na mtaala unaoweza kuonekana kwa macho, kama vile vitabu, madaftari au masomo ya kwenye skrini, na ifundishe mambo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Umri wa lazima unawahusu waliotimiza miaka sita ifikapo tarehe 1 Septemba, kwa hiyo binti yetu, aliyezaliwa Oktoba, alikuwa na mwaka mzima ambao sheria haikumdai chochote. Wale wanaomtoa mtoto aliyekwisha kuandikishwa katika shule ya umma wasisahau kuiandikia shule hiyo barua kwanza, la sivyo atahesabiwa mtoro. Na tukumbuke kwamba si kila mtu ana nafasi hii. Ndugu yangu anayeishi Ujerumani hawezi kufanya tunayoyafanya hata akitaka, kwa kuwa kule sheria inamtaka mtoto awe shuleni.

Jambo lingine lililonisaidia ni kutenganisha maneno matatu ambayo tumezoea kuyachanganya. Mtaala ni dira, yaani mtoto atajua nini na ataweza nini mwaka ukiisha. Muhtasari ni mpangilio wa mada ndani ya kila somo. Ratiba ni saa na siku. Nilikuwa nimelipia ratiba ya watu wengine nikidhani nimepata dira.

Sasa nirudi kwenye kusoma. Mtoto anayezungumza Kiswahili, akishazijua irabu tano na sauti za konsonanti, anaweza kulitamka karibu kila neno la Kiswahili analoliona limeandikwa, hata kama maana yake hajaijua. Sisi tuliosoma Tanga tuliimba a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na kabla mwaka haujaisha tulikuwa tukisoma mabango ya maduka njiani. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi "a" ina sauti moja katika cat, nyingine katika cake, nyingine katika father na nyingine tena katika many, na mtoto anatakiwa kuyapokea hayo yote huku bado hajaelewa kwamba alama za karatasini zinasema kitu. Kuelewa kwamba alama zinasema ndiyo kazi kubwa, na hufanyika mara moja tu maishani. Afadhali ifanyike katika lugha ambayo tahajia yake haimgeuki mtoto.

Mpangilio wetu ulikuwa hivi. Mwezi Septemba tulikaa na irabu na konsonanti tano tu, m, b, k, t na l, kwa sababu hizo peke yake zinatoa mama, baba, kaka, taa, kuku, bata na kabati, maneno ambayo mtoto anaweza kuyanyooshea kidole au kuyatania. Oktoba tuliongeza konsonanti nyepesi zilizobaki. Novemba tuliingia kwenye magumu, na hapo ndipo wazazi wengi, hasa wanaodhani kwamba Kiswahili hakina magumu, hukwama. La kwanza ni ile "m" inayosimama kama silabi peke yake katika mtu na mti. Mtoto aliyezoea ba na be huitafutia irabu na kusoma "mutu". Tulilitatua kwa kupiga makofi, kofi moja kwa "m" na jingine kwa "tu", mpaka akacheka. La pili ni ng' ya ng'ombe dhidi ya ng ya ngoma, ambapo kialama kidogo cha ritifaa kinabadilisha sauti nzima. Yeye anakiita "kiroboto" na sijamkataza. La tatu ni dh na th, na hapa nilipata faida ambayo sikuitarajia. Kiingereza huandika sauti hizo mbili kwa namna moja, this na thin, na sidhani kama watoto wengi wa Houston wamewahi kuambiwa kwamba ni sauti mbili, ilhali binti yetu, aliyekwisha kuandika dhahabu na thelathini, aliigundua tofauti hiyo mwenyewe tukiwa dukani.

Niseme pia kuhusu "mutu", kwa sababu kwetu halikuwa kosa la kusoma tu. Jirani yetu ni mama kutoka Bukavu, watoto wake hucheza na wetu kila jioni, na kwao mtoto ni "mutoto" na kitabu ni "kitabu yangu". Nilijiuliza kama nimsahihishe binti yangu kila anaporudi na Kiswahili cha Kongo mdomoni. Niliamua kwamba daftarini tutaandika Kiswahili sanifu, na uwanjani atasema kama wenzake wanavyosema. Mama yangu mwenyewe ana maneno ya Pangani ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anazungumza vibaya.

Vitabu vya hatua hii tumevipata bure. African Storybook ina hadithi fupi nyingi za Kiswahili zinazoweza kusomwa mtandaoni au kuchapishwa, nazo zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zenye maneno machache katika kila ukurasa. Katuni za Akili zinazotengenezwa na Ubongo wa Dar es Salaam zimetufaa siku za mvua. Maktaba ya mtaa imetupa vitabu vya picha vya Kiingereza, ambavyo baba yake humsomea usiku bila kumwuliza herufi yoyote.

Hisabati sina mengi ya kuisemea. "Kumi na moja" inajieleza yenyewe kwamba ni kumi na kimoja cha ziada, jambo ambalo eleven inalificha, kwa hiyo vijiti vya aiskrimu vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira vilitosha kumwelewesha makumi na mamoja. Ishirini, thelathini na arobaini, tulizozipata kwa Waarabu, hazijielezi, na hizo alizikariri kama sisi tulivyozikariri.

Iliyotusumbua ni saa. Pwani ya Afrika Mashariki jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa kuanzia mapambazuko na magharibi bila mtu kuchanganyikiwa. Houston mwezi Juni jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku. Mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mtoto alikuwa ameniuliza mapema, tulipokuwa uani kiangazi, kwa nini naita saa mbili usiku wakati jua analiona. Nilianza kumpa jibu la mtu mzima, nikaona halina miguu. Badala yake tulisimika kijiti uani, na kila Ijumaa saa saba mchana tukapima kivuli chake kwa uzi na kuuning'iniza uzi huo ukutani. Novemba saa zilipokuja kurudishwa nyuma tulilazimika kuhamia saa sita ili jua libaki palepale, na maelezo ya kwa nini serikali inaweza kuhamisha saa lakini haiwezi kuhamisha kivuli yalichukua alasiri nzima. Nyuzi zile, ambazo hadi Desemba kila moja ilikuwa ndefu kidogo kuliko ya juma lililotangulia, zimekuwa somo la sayansi, la vipimo na la saa za aina mbili kwa pamoja. Hakuna daftari hata moja kati ya yale kumi na moja lililokuwa na kitu kama hicho, wala lisingeweza kuwa nacho, kwa kuwa waliolitunga hawana saa yetu.

Uraia mwema, lile jambo la tano la mahakama, tuliupangia Jumamosi saa tatu asubuhi. Kiangazi, saa hiyo ni saa kumi na moja jioni kule Tanga, bibi yake amemaliza swala ya alasiri na ameketi barazani na simu. Somo huanza kwa "Shikamoo, bibi" na "Marahaba, mjukuu wangu, umeamkaje?" Kisha vitendawili viwili au vitatu, bibi akitega na mtoto akitegua, na asipojua sharti ampe bibi mji. Amekwisha kugawa Houston, Dallas na Zanzibar. Nimesikia watu wakisema kwamba hayo ni mazungumzo ya kifamilia na si somo. Mimi naona mtoto anayejifunza kumsalimu mkubwa, kungoja zamu yake na kukubali kushindwa ameanza uraia mahali pake.

Kuhusu muda, sasa tuna vipindi vitatu vya dakika 15 kwa siku, siku nne kwa juma, mbali na Jumamosi. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, alishauri kwamba kwa mtoto aliye chini ya miaka minane kipindi kisizidi dakika 20, na nimegundua kwamba hata hizo kwetu ni nyingi. Mimi hufanya kazi zamu za usiku siku tatu kwa juma, hivyo siku hizo tunasoma saa tisa alasiri nikishaamka. Wanaoona aibu kwamba mtoto wa miaka sita anasoma chini ya saa moja kwa siku wakumbuke kwamba Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka umri wa kuanza shule ya msingi upandishwe. Mimi mwenyewe nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka saba.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba Kiingereza chake kitachelewa. Kiingereza cha Houston hakihitaji mwaliko. Kimo uwanjani, dukani na katika televisheni ya jirani, na kukisoma tumeanza Januari hii, akiwa tayari ni msomaji. Hata hivyo nakiri kwamba mpango huu haumfai kila mtoto. Anayekusudiwa kuingia shule ya umma miezi michache ijayo anahitaji kuanza Kiingereza mapema zaidi, na yule anayekielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza tu, jambo la kawaida sana katika nyumba zetu, ningempa kwanza mwaka wa hadithi na mazungumzo kabla ya ba, be, bi. Kumfundisha herufi za lugha asiyoizungumza ni kumrudishia mateso yaleyale ya sanduku langu.

Madaftari saba kati ya kumi na moja hayajaguswa. Mtoto ameligeuza sanduku kuwa duka, na juzi aliniuzia kadi za herufi moja moja, kila kadi vijiti viwili vya aiskrimu, isipokuwa "q" na "x", ambazo alinipa zote mbili kwa kijiti kimoja kwa sababu, alisema, hajaona neno la bibi linalozitumia.