Kesi za mbuzi huharibikia kijijini
Mnamlaumu hakimu kwa kumwachia mtuhumiwa wa wizi wa mbuzi, lakini kesi hizi huharibikia kijijini. Mwenye mali aeleze alama kabla hajaonyeshwa mnyama: rangi, pembe, sikio lililokatwa, chapa. Akionyeshwa kwanza, utambuzi wake huwa na uzito mdogo mahakamani. Askari ajaze hati ya ukamataji mali palepale, isainiwe na mtuhumiwa na shahidi huru, mfano mwenyekiti wa kitongoji. Kama mbuzi keshachinjwa, nyama haikai, ipigwe picha, ipelekwe kwa hakimu, mtuhumiwa awepo na asikilizwe, ndipo amri ya kuiteketeza itolewe. Wengi huruka hapo! Ngozi ipakwe chumvi, na kila anayeipokea aandikwe jina na saa. Na jamani, namba ya RB, ile unayopewa polisi ukiripoti tukio, hailipiwi.